Kuwarudisha Kazini Watu Wazima: Kazi ya Kamati za Sharika Kivukoni na Kariakoo

(Maelezo yaliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi mbele ya kamati za maendeleo za sharika za katikati ya jiji na wawakilishi wa wafadhili.)



Tumeombwa tuzungumzie ajira. Kila linapotajwa neno hilo katika mikutano yetu, macho yote huelekea kwa vijana, na si vibaya, maana vijana ni wengi na shida yao inaonekana. Lakini baadhi ya wajumbe wa kamati zenu, kwa nyakati tofauti, wametufuata ofisini na swali moja: mtu wa miaka 50 aliyepoteza kazi apelekwe wapi? Maelezo yetu ya leo ni jibu la swali hilo. Mwishoni tuna ombi pia, kwa sababu fedha za awamu ijayo bado hazijapangiwa matumizi, na ninyi ndio mtakaopanga.

Tuanze na karatasi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtaja kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Katikati ya sera hizo mbili kuna karibu miaka 25 ambayo haina jina. Mtu aliye humo si kijana wala si mzee, ni mtu mzima tu, na mtu mzima hutarajiwa kujitegemea na kuwalea wengine. Akianguka, hakuna dirisha lililoandikwa jina lake.

Tazameni mikopo ya halmashauri. Tangu sheria ya mwaka 2018, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa hivi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata, na makundi yakabaki yale yale matatu. Mama wa miaka 52 anaweza kuingia kwa mlango wa wanawake. Baba wa miaka 52 asiye na ulemavu hana mlango, na hata umri wa kijana ukisogezwa mbele, yeye hafikiwi. Matangazo ya nafasi za kazi serikalini nayo yamekuwa yakitaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa kama yumo kazini tayari. Upande wa hifadhi ya jamii, kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, na asiyefikisha michango ya miezi 180 hapati pensheni ya kila mwezi, hulipwa mkupuo basi. Fomu za miradi za mashirika rafiki, mtusamehe wageni wetu, huuliza idadi ya vijana na idadi ya wanawake. Kisanduku cha mtu wa miaka 48 hatujakiona.

Sasa tutoke kwenye karatasi twende mtaani. Watu hawa wamepotezaje kazi hapa Kivukoni na Kariakoo? Wengi wetu tukisikia kupunguzwa kazini tunakumbuka miaka ya tisini, wakati mashirika ya umma yalipobinafsishwa na watu wakarudi nyumbani na kiinua mgongo. Kizazi hicho sasa kimezeeka. Hawa tunaowazungumzia leo wamepigwa na mambo ya karibu zaidi.

La kwanza ni Dodoma. Julai 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali yote itahamia huko, na Mji wa Serikali wa Mtumba ulipofunguliwa Aprili 2019, mawazo yetu yalikuwa juu ya watumishi waliohama. Hatukuwafikiria sana waliobaki: mama lishe waliopika kwa ajili ya wizara zilizokuwa Kivukoni, Magogoni na Barabara ya Luthuli, wenye vibanda vya kupiga chapa na kutoa nakala, waliojaza watu fomu, mafundi waliotengeneza viti na viyoyozi vya ofisi, madereva wa kukodi waliojulikana na mlinzi wa kila geti. Hawakuachishwa kazi na mtu yeyote. Wateja wao walipanda mabasi wakaenda zao, na sheria ya kazi haina kifungu cha jambo hilo.

La pili ni usafiri. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya Kariakoo na Morocco, na daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro zikaondolewa kwenye njia hiyo. Mwezi uliotangulia lilifunguliwa Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, na baadhi ya magari yakaacha kupanga foleni ya kivuko, yaani wachuuzi wa pale Feri wakapungukiwa na wanunuzi wenye magari. Haya ni maendeleo na tunayafurahia, sisi wenyewe tumekuja hapa leo kwa mwendokasi. Lakini kondakta wa miaka 47 aliyekulia mlangoni mwa daladala hakupewa kazi ya kukata tiketi kituoni.

La tatu ni soko lenyewe. Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Oktoba ya mwaka huo huo machinga waliondolewa kando ya barabara. Kisha Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaanguka Kariakoo na kuua watu. Kila tukio la namna hii hufunga maduka, na duka likifunguliwa tena mahali pengine, tajiri huanza na mpwa wake au kijana wa kumlipa kidogo. Karani wa miaka mingi huambiwa asubiri simu.

Wanaosubiri simu hamtawaona kirahisi. Kijana asiye na kazi hukaa kijiweni na kila mtu anajua. Mtu mzima huoga alfajiri, huvaa shati la kazi, huaga nyumbani, kisha hukaa kwenye benchi Mnazi Mmoja na gazeti la jana mpaka saa kumi na moja jioni ndipo arudi, ili watoto wasijue. Katika Mathayo 20 kuna watu waliokutwa sokoni saa hiyo hiyo ya kumi na moja wakiwa wamesimama bure, na walipoulizwa sababu walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwauliza umri. Tunaitaja habari hii kwa sababu moja tu: yeye ndiye aliyetoka kwenda sokoni. Waliosimama hawakumfuata nyumbani kwake, na wa kwetu pia hawatakuja kwenye mkutano wa kamati kujitangaza.

Tuje kwenye msaada. Mazoea yetu sote, makanisa na mashirika, ni kumpa mtu wa namna hii mtaji. Atapewa mafunzo ya siku tatu ya ujasiriamali, cheti chenye nembo, na fedha za kuanzisha biashara ndogo, ambayo mara nyingi huwa kuku. Tunawaheshimu sana wafugaji wa kuku. Lakini tuulizane: mtu anayepanga chumba Mtaa wa Swahili au Gerezani atafugia wapi kuku wa nyama, ghorofani? Tena mtu aliyetunza stoo miaka 22, akijua kila robota limewekwa wapi, kwa nini aanze upya na kazi asiyoijua, akiwa na ada za shule za kulipa na mgongo usioweza tena kubeba magunia? Biashara ikifa ndani ya miezi michache huandikwa katika taarifa kwamba mlengwa hakuwa na moyo wa kujituma. Kumbe moyo alikuwa nao, ila si wa kuku.

Msimamo wa ofisi yetu, na tunajua baadhi yenu hamtaupenda, ni huu: kwa walio wengi wa umri huu wanaoishi katikati ya jiji, kinachokosekana kwanza si mtaji wala si cheti, ni mdhamini. Tunasema hivi kwa kuangalia jinsi Kariakoo inavyoajiri. Pale hakuna tangazo gazetini. Duka la jumla lina mali ya mamilioni iliyopangwa hadi darini, na hofu ya tajiri ni moja: je, huyu ataniibia? Ndiyo maana huuliza, unatoka kwa nani? Husema, lete barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Kijana hudhaminiwa na mjomba. Mtu mzima aliyefanya kazi kwa tajiri mmoja maisha yake yote alikuwa na mdhamini mmoja, yule yule tajiri, na sasa amefariki, au amehama, au hapokei simu. Uaminifu wake wa miaka 22 haupo tena kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote mwenye sauti.

Usharika unayo sauti hiyo. Mnawajua watu wenu, mnajua nani alishika sanduku la sadaka miaka sita bila upungufu wa shilingi. Yuko ndugu mmoja, hatutamtaja jina, aliyekuwa mtunza stoo na akakaa bila kazi zaidi ya mwaka. Alishapewa mtaji wa mitumba ukaisha. Mzee wa kanisa mmoja alipomuuliza siku moja alikuwa akifanya nini hasa kule stoo, alieleza saa nzima: jinsi ya kupokea kontena, kulinganisha hati na mzigo, kuandika leja, kujua mali ipi inatoka kwanza. Yule mzee akaenda naye kwa mwenye duka la vifaa vya umeme, jirani yake wa siku nyingi, akasema: huyu namjua, mjaribu wiki mbili, nauli na chakula juu yetu. Gharama yote ya wiki hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko ule mtaji wa mitumba. Mshahara aliopata si ule wa zamani, tuseme kweli, ni pungufu. Lakini alituambia kwamba jambo lililomrudishia usingizi ni kuulizwa tena maswali ambayo yeye ndiye anayejua jibu.

Wajumbe wengine wametuuliza: tukimdhamini akaiba, jina la usharika si litachafuka? Ni swali la haki. Barua yetu isidhamini mali, ishuhudie mtu. Iseme tumemfahamu tangu mwaka fulani, alifanya kazi fulani kwa miaka kadhaa, alishika dhamana hii na hii, na ametoka kazini kwa sababu hii. Iishie hapo. Na kamati iwe na ujasiri wa kukataa kuiandika kwa mtu isiyemfahamu, hata kama ni shemeji wa mwenyekiti. Barua ikitolewa hovyo, baada ya mwaka mmoja haitakuwa na thamani yoyote Kariakoo.

Tukumbuke pia kwamba majirani zetu wengi Kariakoo ni Waislamu, wenye maduka na wenye kutafuta kazi. Dawati hili halitauliza dini. Barua ya imamu wa msikiti wa jirani au ya mjumbe wa shina ina uzito ule ule, na mara nyingine wao ndio wanaomjua mhusika kuliko sisi.

Baada ya mdhamini yapo mambo mengine ambayo kamati inaweza kuyafanya, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Fundi aliyejifunzia kazi gereji au kwenye cherehani ya baba yake anaweza kupimwa na VETA chini ya utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, akapata cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Chuo cha Chang'ombe si mbali, lakini watu wa umri huu huona aibu kwenda peke yao kujipanga na watoto wa miaka 18. Mjumbe mmoja akimsindikiza, inatosha.

Kuna na suala la miwani. Mtaona kama mzaha, lakini si mzaha. Baada ya miaka 40 macho ya karibu wote huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Fundi cherehani hatungi tena uzi kwenye sindano, karani hasomi namba kwenye boksi, naye mama wa kuchambua mchele anaacha mawe. Mwajiri huona uzembe. Nchini Bangladesh watafiti waliwapa miwani ya kusomea wafanyakazi wa vijijini wenye umri wa miaka 35 hadi 65, katika utafiti uliohusisha watu zaidi ya 800, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba baada ya miezi 8 kipato cha waliopewa kilikuwa juu kwa asilimia 33 kuliko cha wenzao waliokuwa bado hawajapewa. Ni miwani ya kawaida tu, kama hii inayotembezwa Mtaa wa Kongo. Siku moja ya kupima macho baada ya ibada, kwa msaada wa hospitali, itafanya zaidi ya semina zetu kadhaa.

Na kuna haki zenye muda. Kamati nyingi huletewa mtu miezi sita baada ya kuachishwa, wakati malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku 30, ndugu zangu, si miezi sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na umri umetajwa humo. Inampa aliyepunguzwa kazini, baada ya angalau mwaka mmoja wa utumishi, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Inamtaka pia mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Hili la mwisho tulishike sana, maana hatutaki udhamini wetu uwe njia ya kuwapelekea matajiri vibarua wa bei rahisi wenye mvi. Mwenye duka anayetaka barua yetu naye aandike mshahara, saa na siku ya mapumziko. Anayekataa kuandika, tumshukuru na tutafute mwingine.

Vilevile wapo wanaokosa miezi michache kufikisha ile 180. Kukaa na mtu, kukusanya hati zake za mshahara za zamani, kwenda naye NSSF kuangalia kama michango iliyokatwa iliwasilishwa yote, ni kazi ya asubuhi mbili. Kwa mtu wa miaka 54, asubuhi hizo mbili zaweza kuwa na maana kuliko mkopo wowote.

Wafadhili wetu hupenda kuuliza kama jambo hili limefanyika mahali pengine. Limefanyika. Mnalijua Soko la Samaki la Feri, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002. Huko kwao Japani, mwaka 1975, jiji la Tokyo lilianzisha kituo cha kuwatafutia watu wa umri mkubwa kazi nyepesi za mtaani, na leo vituo vya namna hiyo vimeenea nchi nzima na vinatambuliwa na sheria. Wanachama hupogoa miti, huandika anwani kwenye bahasha kwa mwandiko mzuri, hulinda maegesho ya baiskeli. Wenzetu wale ni matajiri na wana pensheni, kwa hiyo tusiige kila kitu. Lakini jambo moja linatufaa: mteja hapatani na mzee mmoja mmoja, anapatana na kituo, na kituo ndicho kinachobeba jina. Ni ule ule udhamini.

Basi ombi letu ni hili. Kwa kamati: kabla ya mkutano wa robo ijayo kila usharika uteue watu wawili, mwanamke na mwanaume, wenye kujulikana mtaani na wenye kutunza siri, wakae na dawati hili mara mbili kwa wiki. Wasisubiri ofisini, watoke. Waanze na kumi wanaowafahamu, wawasikilize walifanya kazi gani na ni kazi ipi wangependa kuifanya tena, waandike kwenye daftari la kawaida. Kwa wafadhili: tunaomba fungu lililotajwa kwenye rasimu kama mtaji wa kuanzia libadilishwe kuwa nauli na chakula cha wiki za majaribio, ada za kupimwa ujuzi, na miwani. Tunaomba pia ukomo wa miaka 35 uondolewe kwenye fomu. Tunajua kwamba taarifa itapendeza kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa picha ya mtu wa miaka 53 akiandika leja haivutii kama picha ya vifaranga mia tatu.

Rasimu ya bajeti iko mezani mbele yenu, ukurasa wa pili. Tunakaribisha maswali, na ambao hawatapata nafasi leo watukute ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa saba mchana.